Jumamosi za Kubandika Shabaha

Mume wangu alisema kati ya watu wote waliowahi kuhamia Johannesburg, mimi peke yangu ndiye niliyeuliza bunduki ziko wapi ili niende huko. Wengine huuliza ili wapite njia nyingine. Aliyasema hayo akiwa ameinua upande mmoja wa kabati la vyombo, nami nimeshika upande wa pili, tuko katikati ya ngazi, kwa hiyo sikuweza kumjibu inavyostahili.

Kule Nairobi, Jumamosi yangu ilikuwa ya kulenga shabaha. Nilianza kwa sababu kaka yangu alidai mwanamke hawezi, nikaendelea kwa sababu kaka yangu alikosea. Kazi yangu ni ya bima. Wiki nzima naketi nikifikiria mabaya yanayoweza kuwapata watu: moto, mafuriko, lori lililokatika breki. Jumamosi nikisimama kwenye mstari, bastola ikiwa kwenye ala kiunoni, nikingoja mlio wa kipima muda, mabaya yote hayo yalitoka kichwani. Palibaki pumzi yangu na karatasi iliyo mbele. Watu wengine huenda kuvua samaki, wengine hupika. Mimi nilikuwa na hilo.

Kazi iliponihamisha, bastola yangu niliiacha Nairobi kwenye ghala la muuza silaha mwenye leseni. Nilijiambia nitapata nyingine huku, kwani Afrika Kusini, nilisikia, mchezo huu umeshamiri na kila wikendi kuna mashindano mahali fulani. Kuna mashindano, ndiyo. Kuyapata ndiyo kazi.

Nilianza na mtandao, kama kila mtu. Nikakuta kalenda za mashindano yaliyokwisha zamani, picha za watu wanaotabasamu kando ya sahani za chuma, na ukumbi mmoja wa mazungumzo ambapo mgeni kama mimi alikuwa ameuliza swali langu lilelile, neno kwa neno: nimehamia, mashindano yako wapi? Jibu lilikuwa moja tu. Mtu aliandika kwamba hata yeye anatafuta. Nambari ya simu niliyoipata kwenye ukurasa mwingine ilipokelewa na mama anayeoka keki. Alinisikiliza kwa upole, akasema hupigiwa simu za bunduki mara kwa mara na ameshazoea, kisha akajaribu kuniuzia keki.

Nikajaribu kanisani. Tuna ibada yetu ya Wakenya, na baada yake huwa kuna chai na maandazi, watu wakiulizana habari za shule na nyumba za kupanga. Nikiwa na kikombe mkononi nikauliza kama kuna anayejua pa kulenga shabaha. Wote walinigeukia. Kila mtu pale alikuwa na kisa chake cha kuvamiwa au cha jirani aliyevamiwa, nami nauliza bunduki kama mtu anayeuliza sukuma wiki inauzwa wapi. Shemasi mmoja alimvuta mume wangu kando akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri sana, kama nyumbani kuna amani.

Mwishowe niliingia duka la silaha. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu, akanisikiliza, akaomba kitambulisho, akakitazama, uso ukamwanguka. Sheria ya huku haimpi leseni ya silaha mgeni mwenye viza ya kazi, mpaka awe raia au mkaazi wa kudumu. Lakini inamruhusu kutumia silaha ya mtu mwingine mwenye leseni, mwenyewe akiwa amesimama papo hapo akimwangalia. Kwa maneno mengine, katika jiji ambalo sikumjua hata mtu wa kuniazima mwavuli, nilihitaji mtu wa kuniazima bastola.

Kijana yule aliponiona nimenuna aliniambia kitu ambacho kingeniokolea mwezi mzima kama mtu angekisema mapema. Mashindano hayatangazwi mtandaoni tena, yako kwenye kundi la WhatsApp, na kundini huingizwi mpaka watu wakujue. Alinielekeza mahali, akasema niende Jumamosi asubuhi na kofia, vizibo vya masikio na miwani, nisiulize chochote, niombe kubandika.

Nilimwelewa. Katika mchezo huu, kila mtu akimaliza kupiga, shabaha za karatasi lazima zizibwe matundu kwa vibandiko vidogo ili anayefuata aanze upya, na sahani za chuma zilizoanguka zisimamishwe. Hakuna mfanyakazi wa kufanya hivyo. Washindani wenyewe ndio hubandika, daktari na fundi bomba, aliye wa kwanza na aliye wa mwisho. Asiyebandika hupewa jina, na jina hilo silirudii hapa.

Uwanja uko kusini, ukishaipita Rosettenville na maduka yake ya samaki wa kukaanga, ukaingia kati ya vilima vya mchanga wa migodi ya zamani. Ilikuwa majira ya upepo. Mchanga wa manjano uliingia puani, masikioni, hata kwenye mkate. Nilimkuta mkuu wa mashindano, mzee wa Kiafrikaner mwenye soksi ndefu hadi magotini na kofia iliyokwisha rangi, nikamwambia nimekuja kubandika. Hakuniuliza natoka wapi wala nataka nini. Alinipa vibandiko, akaninyooshea kidole kundi la tatu.

Kwenye kundi la tatu msimamizi, yule anayeshika kipima muda, alikuwa mwanamke.

Alikuwa mnene, mrefu, ameshapita hamsini, na kiunoni juu ya suruali ya kazi alikuwa amefunga mkoba wa kitenge chekundu ambao baadaye niligundua ndimo anamoweka vibandiko, peremende na miwani ya akiba kwa wageni waliosahau. Alisimama karibu kabisa na mpigaji, nyuma kidogo ya bega, macho yake hayako kwenye shabaha bali kwenye mikono ya yule mtu. Aliyetoa amri alikuwa yeye, kwa Kiingereza chenye Kifaransa ndani yake, na wanaume wazima wenye ndevu walitulia kama watoto wanaosukwa. Mmoja alipotaka kubishana juu ya risasi iliyogusa mstari wa alama kwenye shabaha, alimtazama tu, akangoja. Yule bwana akacheka mwenyewe akaenda kubandika.

Nikabandika. Upepo ulichukua vibandiko ukavitia kwenye nywele zangu. Shabaha za chini zilikuwa chini kweli, na baada ya kuinama asubuhi nzima kiuno kiliniambia umri wangu. Nikajisemea kwa Kiswahili, nikidhani niko peke yangu na mchanga, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Na ule mwenye mugongo inamuuma," sauti ikasema nyuma yangu, "atafanya namna gani?"

Niligeuka. Ni yule mwenye kipima muda, naye ameinama kwenye shabaha ya pili, anacheka bila kutoa sauti. Alikuwa mtu wa Bukavu. Tukaamkiana pale chini, kila mmoja na vibandiko kwenye vidole, na kabla hatujasimama alikuwa ameshanitoa habari zote: kazi, mume, watoto wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza, bastola iliyobaki Nairobi. Tukaanza kuitana mama, yeye kwa mazoea ya kwao na mimi kwa heshima, na hatukuacha.

Alikuwa mshonaji. Alipofika mji huu alipanga kitanda kimoja katika chumba cha watu wengi kule Berea, akishona kwa mkono marekebisho ya nguo za majirani, na sasa alikuwa na duka lake dogo Rosettenville, kati ya kinyozi na muuza simu. Bunduki zilimjia kupitia uzi. Mteja mmoja alimletea mfuko wa mchanga uliopasuka, ule ambao wapiga bunduki ndefu huweka chini ya kitako ili isicheze, akamuuliza kama anaweza kuushona. Aliufumua akaona ulivyoshonwa ovyo, akakasirika, akashona mwingine. Mteja akaleta wenzake. Siku moja akapeleka mifuko uwanjani mwenyewe, akabaki kutazama, akaombwa kubandika, na hapo ndipo alipoanza. Makaratasi yake ya ukaazi yalipotoka baada ya miaka mingi ya kupanga foleni, kitu cha kwanza alichoomba nayo kilikuwa cheti cha kumiliki silaha. Siku moja dukani kwake nilimuuliza kwa nini, mtu aliyeikimbia vita. Alisema nimsogezee mkasi.

Siku ya pili niliyokwenda kubandika aliniambia nitatumia bastola yake, akiniambia, si akiniuliza. Tutakuwa kundi moja, mimi nitapiga mwanzoni na yeye mwishoni, na kati yetu bastola itasafiri ndani ya mfuko hadi meza ya usalama. Mume wangu alipopata habari alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hapa mwenyeji atapona vipi na mgeni ameshika bastola yake. Lakini nilimwona amefurahi. Wiki ile hakuna aliyenuna nyumbani kwetu.

Ninapenda kumsifu mtu nikiwa na sababu, na huyu alinipa nyingi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye alijiunda kipande kwa kipande. Hakuwa na mbio. Viungo vya miguu vilimuuma, na vijana walimpita kwa kukimbia kutoka kituo hadi kituo. Lakini mikono yake haikupoteza kitu. Kila alipofika, bastola ilikuwa imeshafika machoni, na kidole kilibana polepole bila kushtua chochote. Mimi nina haraka kwa asili, hata ugali kwangu huiva kwa hofu, na haraka yangu ilionekana kwenye karatasi: matundu yametawanyika kama kuku waliotupiwa mahindi. Alinisahihisha siku moja tukiwa dukani kwake, mguu wake ukiwa kwenye pedali.

"Mama, banduki haipendi haraka. Iko sawa na hii mashini. Ukisukuma muguu kwa nguvu, uzi inakatika, unarudia yote."

Alikuwa na desturi nyingine ya ufundi. Kabla ya kushona, hugusa kibobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa kidole gumba kuhakikisha uzi umekaa. Na kabla ya kupiga, akiwa kwenye mstari na ameshaamriwa kujaza, huchomoa kwenye mkanda magazini, kile kisanduku chembamba cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, akapitisha gumba juu ya risasi ya kwanza kuhakikisha imelala sawa, ndipo akaiingiza. Alifanya hivyo kila mara. Nilianza kumwiga bila kujua, na watoto wangu wakaniona nikigusa hata betri za rimoti.

Sasa niseme kuhusu koti. Timu ya jimbo huvaa koti la samawati iliyoiva, lenye nembo kifuani, na hulivaa kwenye mashindano ya taifa. Miaka kadhaa mfululizo makoti hayo yameshonwa na nani, kama si yeye. Vipimo vya kila mwanatimu vilipita mikononi mwake. Alijua nani ameongezeka kiuno na nani bega moja limeshuka. Koti la kipimo chake hajawahi kulishona.

Mwaka ule wangu wa kwanza alikuwa karibu kulipata. Timu ya wanawake ilibakiza nafasi moja, na kwa alama alizokusanya, alichohitaji ni kumaliza tu mashindano ya mwisho ya mchujo, hata kama angepiga vibaya. Nyuma yake alikuwa msichana mmoja wa Pretoria, mwembamba, mwepesi wa miguu, ambaye angeingia endapo mama angeanguka kabisa. Mama hakulisema jambo hili kwa mtu. Lakini nilipokwenda dukani kwake wiki ile niliona vipande vya koti vimening'inia ukutani vikiwa na pini, vipana kuliko vyote. Nilipomtazama, akajitetea kabla sijauliza. Kitambaa ni cha jora moja, akasema, jora la pili huja na rangi isiyolingana, kwa hiyo lazima makoti yote yakatwe kwa pamoja. Hiyo ni sababu ya kifundi, na ilikuwa kweli. Lakini alivipapasa vile vipande alipokuwa akisema, nami nikaangalia pembeni.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa na wazimu. Kila kitu kilienda vizuri hadi kituo cha kupigia cha tatu kutoka mwisho. Nilipopiga mimi, sahani moja ya chuma iliangushwa na upepo kabla risasi yangu haijaifikia, na sheria ikasema nirudie kituo chote. Nikarudia mwishoni, baada ya wengine wote ila mama, kwa hiyo ile nafasi ya kupumua kati yangu naye ikapotea. Nilitoa risasi, msimamizi akahakikisha bastola ni tupu, nikaitia kwenye mfuko wake, nikamkimbizia mama kwenye meza ya usalama, na huku nyuma jina lake linaitwa.

Meza ya usalama ni mahali pa pekee uwanjani ambapo unaweza kutoa bastola mfukoni bila msimamizi. Na kwa sababu hiyo ina sheria moja isiyo na huruma: hapo hugusi risasi. Si risasi hai wala ya bandia, si kwa nia mbaya wala nzuri. Magazini zako zilizojaa zinaweza kuwa kwenye mkanda wako, lakini mkono wako usizifikie. Ukigusa, umeenguliwa, siku yako imekwisha na alama zako zote zinafutwa, hata za asubuhi.

Mama alitoa bastola mfukoni, akaikagua, akaitia kwenye ala. Jina lake likaitwa tena. Na mkono wake wa kushoto, ule mkono uliozoea, ukashuka kwenye mkanda, ukachomoa magazini, gumba likapita juu ya risasi ya kwanza, ukairudisha mahali pake.

Ni kufumba na kufumbua. Kundi zima lilikuwa upande wa pili linabandika, migongo kwetu. Msimamizi wa zamu alikuwa anasoma alama zangu. Niliyeona ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaamua, ndani ya pumzi hiyohiyo, kwamba sikuona. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Bastola ilikuwa tupu kwenye ala, hakuna aliyekuwa hatarini, na mwanamke huyu amewashonea watu makoti miaka yote hiyo.

Mama alikuwa analitazama gumba lake. Kisha akafungua mkanda, akatoa magazini zote akaniwekea mikononi, akatembea hadi kwa yule mzee wa soksi ndefu. Nilimfuata kama kondoo. Akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba kuna mshindani amegusa risasi kwenye meza ya usalama na anapaswa kuenguliwa. Mzee akauliza kama kuna msimamizi aliyeona. Mama akasema yupo. Mzee akauliza ni yupi.

Akasema: "Mimi. Mshindani ni mimi, na msimamizi aliyeona ni mimi."

Mzee alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia, kichwa kilikuwa cheupe kama kiazi kilichomenywa. Alimwangalia muda mrefu, akanitazama mimi, nami nikatazama mchanga. Nafikiri alikuwa akitafuta mlango wa kumtoa, na alijua, kama mimi, kwamba mama mwenyewe ameshaufunga. Akaandika. Kisha akampa mkono, na mama akaupokea kwa mikono miwili kama wanavyofanya kwao.

Mimi niliona hasira. Nilitaka kwenda nyumbani. Nilimwambia mama kwamba tumemaliza, nifunge mizigo, nitamrudisha kwake. Akaniuliza ninakwenda wapi na bado nina vituo viwili. Bastola ni yake, akasema, na sheria inataka mwenyewe asimame karibu, basi atasimama. Akachukua vibandiko vyake kwenye mkoba wa kitenge, akaenda kubandika. Kuna msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeusema mara nyingi kuwachokoza wengine, na siku ile ulinigeukia, maana aliyekuwa hakubali ni mimi, na aliyeshindwa ni yeye.

Nilipiga vile vituo viwili vibaya mno. Mara zote mbili nilimsikia nyuma ya bega langu akipumua polepole kwa makusudi, ili nami nipumue hivyo. Wanaume wale wenye ndevu walibandika, na mmoja wao, yule aliyewahi kubishana naye juu ya mstari, alimletea mkate wenye soseji akauweka juu ya sanduku lake la barafu akaondoka. Mama akaula wote.

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda dukani. Nilimweleza mume wangu habari yote nikitegemea atakuwa upande wangu, lakini alisema tu angependa kuwa na mtu kama huyo kwenye benki anakofanya kazi. Hilo likanizidishia hasira. Mwishowe nikaenda, nikiwa na kisingizio cha suruali ya mtoto iliyofupika. Roboti zote barabarani, kama huku wanavyoziita taa za magari, zilikuwa zimezimika, magari yakipishana kwa heshima na matusi, nikafika nimechelewa na nimejaa maneno.

Alikuwa mezani. Vile vipande vipana vya samawati havikuwa ukutani tena, vilikuwa mbele yake vimetandazwa, pini zimetolewa. Na juu yake alikuwa anachora kwa chaki mistari mipya, ndani kabisa ya ile ya zamani, mistari ya mtu mwembamba. Vipimo vya msichana wa Pretoria vilikuwa kwenye karatasi kando. Jora limekwisha, akaniambia bila kuinua macho, na haliko jingine la rangi ile.

Hapo nikafunguka. Nikamwambia hakuna aliyemwona. Nikamwambia risasi haikuingia kwenye bastola, hakuna mtu aliyekuwa hatarini, na kwamba mimi ningekaa kimya hadi kaburini. Nilisema na mengine. Yeye alichora mstari wa bega hadi mwisho, akapuliza chaki, akakaa.

"Mama," akasema, "kwetu balipiga batu masasi mu soko. Dada yangu alibakia pale, alikufa. Bale ba banduki balikuwa bengi, na benyi kuona balikuwa bengi. Mpaka leo hakuna hata mumoja alisema: ni miye."

Mashine ya kinyozi ilikuwa ikilia upande wa pili wa ukuta.

"Sasa miye niko na banduki," akasema. "Mukono yangu ikikosa, nani ataisema?"

Akauchukua mkasi, ule mkubwa wa kitambaa kizito, akaniomba nishike upande wa pili wa kitambaa ili kisiteleze. Niliweka chini suruali ya mtoto, nikashika kwa mikono miwili nikakivuta kikakaa sawa. Akagusa makali kwa gumba, akakata.